Land Cruiser 80 ya kubeba mzigo mzito: springi na shokapu gani za kunyanyulia?

Mkazi wa Engaruka

Habari za jioni wakuu. Nina Land Cruiser 80 ya mwaka 1994, injini 1HZ ya dizeli, springi za koili mbele na nyuma, gia za mkono. Kazi yake ni kupeleka mahitaji kwenye kambi upande wa Ziwa Natron: madumu ya maji, mitungi ya gesi, vyakula, mahema na magodoro juu ya keria. Wageni hawapandi humu, ni mzigo tu, na mara nyingi tuko wawili mbele.

Shida ni nyuma. Gari likipakiwa linakaa matako chini, taa za mbele zinamulika miti, na kila korongo ekseli ya nyuma inagonga juu, "gu!" Fundi mmoja amenishauri niweke spesa (vipande vya kuongeza urefu) za inchi 3 juu ya springi zote nne, kisha shokapu ndefu. Kwa kweli bei yake ni nzuri. Duka jingine wananiambia seti nzima ya inchi 2 kutoka Australia, springi, shokapu na bushi (mipira ya kwenye maungio), na hiyo bei inaumiza. Kabla sijatoa hela naomba mnisaidie. Nachagua kipi, na kwa nini?

Babu Difu

Kaka, piga spesa, usijitese. Yangu ilipanda na bado ipo barabarani.

Fundi Miguu

Mkuu wa Engaruka, usiweke spesa. Naheshimu ushauri wa Babu Difu, spesa ina mahali pake: gari linalotembea tupu na mwenyewe anataka kuingiza tairi kubwa. Kazi yako ni nyingine kabisa. Kunyanyua gari na kubeba mzigo ni mambo mawili tofauti, na kifaa kinachofanya la kwanza si lazima kifanye la pili.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua springi inayobonyea milimita 1 kwa kila kilo 3. Ukiweka kilo 300 juu ya ekseli ya nyuma, kila springi inapokea kilo 150, kwa hiyo nyuma inashuka milimita 50. Hizo ni inchi 2 nzima zimeondoka. Sasa badilisha, weka springi ngumu zaidi, ya kilo 4 kwa milimita. Kwa mzigo uleule gari linashuka kama milimita 38. Ukiweka spesa juu ya ile springi ya kwanza, bado inashuka milimita 50 zilezile, kwa sababu chuma ni kilekile. Umeanzia juu zaidi, basi. Na springi ya mwaka 1994 imeshachoka. Ukiipa nafasi ya inchi 3 zaidi ya kubonyea, kwenye korongo inaweza kubonyea mpaka mapindi yake yagusane kabla ekseli haijafika kwenye mpira wake wa kuzuia. Hapo ndipo springi zinakatika au viti vyake vinapasuka.

Kwa hiyo swali la "inchi ngapi" liache kwanza. Swali la kwanza ni "kilo ngapi". Watengenezaji wa Australia, Old Man Emu, Dobinsons, Ironman, Tough Dog, wote kwenye orodha zao hugawanya springi za nyuma za 80 kwa uzito wa mzigo unaokaa garini: za gari tupu, za mzigo wa kati, za mzigo mzito wa kudumu. Zile inchi 2 zilizoandikwa kwenye boksi utazipata tu kama gari lako lina uzito ule ambao springi ilikusudiwa. Ukifunga springi ya mzigo mzito kwenye gari tupu litapanda inchi 3 au zaidi nyuma, litakuwa gumu kama toroli, na kwenye barabara ya vumbi litarukaruka mpaka tairi zinaacha ardhi.

Nenda kapime gari. Tafuta mizani ya magari kwenye ghala la nafaka, kinu au wanunuzi wa vyuma chakavu. Pima mara mbili, gari tupu na gari likiwa limepakiwa kama siku ya safari, dereva akiwa ndani mara zote. Kila mara panda na magurudumu ya mbele peke yake upate namba ya mbele, kisha ya nyuma peke yake. Ukileta hizo namba hapa tutaongea kitu cha maana. Na ukiwa hapo, pima pia kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda juu yake, pembe zote nne. Ukipimia kutoka chini, upepo wa tairi utakudanganya.

Dereva wa Seronera

Nakubaliana na fundi, ila wengi wanasahau shokapu. Springi inabeba, shokapu ndiyo inayoituliza springi. Ukiweka springi ngumu na shokapu dhaifu ya zamani, gari linabonyea mara moja linaruka mara tatu.

Kwenye barabara zile zenye vibonde vidogo vya kufuatana, kama kutoka Naabi kwenda Seronera huko Serengeti kipindi cha kiangazi, shokapu inafanya kazi bila kupumzika. Mwendo wote ule unageuka joto ndani ya mafuta. Mafuta yakipata joto sana yanakuwa mepesi, yanachanganyika na hewa yanatoa povu, na gari linaanza kuelea. Ndiyo sababu kuna shokapu za gesi ya naitrojeni, na nyingine zenye sponji maalumu ndani badala ya gesi, ili povu lisitokee. Shokapu nene yenye mafuta mengi inachelewa kupata joto kuliko nyembamba, hata kama zote mbili zinaandikwa "heavy duty".

Kipimo cha njiani ambacho madereva wengi tunakitumia: ukisimama baada ya kipande kibaya, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila shokapu bila kuishika, utaungua. Nzima inakuwa moto. Ile ambayo imebaki baridi wakati wenzake wanachoma, hiyo imekufa, haifanyi kazi.

Na upepo, ndugu zangu. Punguza upepo wa tairi kiasi ukiingia vumbi, punguza na mwendo, ujaze tena ukirudi lami. Lakini tairi iliyobeba mzigo mzito usiipunguze kama ya gari tupu, itapasuka ubavuni.

Mama Kambi

Wakaka, samahani naingilia. Sisi tuna Prado ya zamani, ile ya kabla ya mwaka 2002, na kuna ndugu yangu ana Land Cruiser 100. Haya mnayosema yanatuhusu au ni ya 80 tu?

Fundi Miguu

Karibu dada. Hesabu ya kilo inawahusu wote, kwa springi za nyuma ni yaleyale. Mbele ndiko mnakotofautiana na 80.

80 ina ekseli moja nzima mbele, kutoka gurudumu hadi gurudumu. Ukiinyanyua, shafti za ndani hazijui kitu. Prado yenu, ile familia ya 90 na 95, kila gurudumu la mbele linacheza peke yake. Ukinyanyua, zile shafti fupi za kwenda magurudumuni zinakaa kwa pembe kali, mipira yake inachanika na jointi zinaisha mapema. Inchi 2 mbele ni mwisho wenu, na mimi ningeishia inchi moja na nusu. 100 nyingi mbele hazina koili kabisa, zina fimbo za chuma chini ya gari, zinazojipinda kufanya kazi ya springi. Kuna mafundi wanakaza bolti ya ile fimbo gari linapanda, wanasema limenyanyuliwa. Fimbo ni ileile, haijapata nguvu yoyote, na gurudumu linakosa nafasi ya kushuka shimoni. Kama una bampa la chuma na winchi mbele, nunua fimbo nene zaidi. Isipokuwa kama ya ndugu yako ni 105, hiyo ina ekseli nzima na koili mbele, inafuata mambo ya 80.

Mama Kambi

Asante sana kaka. Nitamwambia aangalie chini.

Mkazi wa Engaruka

Wakuu nimerudi. Nimepima kwenye mizani ya ghala la mahindi. Gari tupu, lakini keria ipo, droo za mbao zipo na tairi ya pili ya akiba imening'inia nyuma: mbele kilo 1,180, nyuma kilo 1,240. Limepakiwa safari nzima: mbele kilo 1,160, nyuma kilo 1,720. Ninachoshangaa, nimeongeza mzigo na mbele imepungua! Mizani ni mbovu?

Fundi Miguu

Mizani ni nzima, na hiyo namba imesema kitu kikubwa. Mzigo wako umekaa nyuma mno. Kila kilo inayokaa nyuma ya ekseli ya nyuma inainua mbele. 80 ina milimita 2,850 kutoka ekseli hadi ekseli. Ukining'iniza kilo 100 mita moja nyuma ya ekseli, kwa mfano tairi ya pili na madumu kwenye bampa la nyuma, ekseli ya nyuma haipokei kilo 100, inapokea kama 135, na mbele inapoteza 35. Ndiyo maana stelingi inakuwa nyepesi na taa zinaangalia mbinguni.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, panga upya. Maji ndiyo mazito kuliko yote, lita 20 ni kilo 20 bila huruma. Yashushe chini, mbele ya ekseli ya nyuma, mahali palipokuwa viti vya kati kwa kuwa wageni hawapandi, na uyafunge vizuri. Gesi nayo chini, imesimama, imefungwa, dirisha wazi. Juu ya keria acha magodoro na mahema tu. Ile tairi ya pili kama huwezi kuishi bila hiyo sawa, lakini kama unaweza kuishi na moja, itoe.

Sasa springi. Kati ya tupu na limejaa nyuma kwako kuna tofauti ya kilo 480. Hizo 480 hazikai garini muda wote. Ukishusha kambini unarudi na madumu matupu na taka. Nusu ya maisha ya gari hili ni tupu. Kwa hiyo nisingechukua springi ya mzigo mzito wa kudumu. Ningechukua ile ya mzigo wa kati, inayokusudia kama kilo 200 daima, kisha ndani ya koili za nyuma naweka mifuko ya hewa. Ukipakia unajaza upepo mpaka vipimo vyako vya fenda vikae sawa, ukishusha unapunguza, ila usiache mfuko mtupu kabisa, utajikunja na kutoboka. Kila mfuko uwe na mpira wake wa hewa, usiunganishe kushoto na kulia, kwa sababu kwenye kona hewa itahama upande mmoja na gari litalala. Na mpira huo upite mbali na ekzosi.

Mtu wa Mpanda

Fundi hapo kwenye mifuko ya hewa mimi napinga. Huku kwetu, kati ya Mpanda na Uvinza, mfuko ukitobolewa na mti au jiwe uko peke yako. Springi ya chuma haitoboki. Mimi ninge­funga springi nzito moja kwa moja, gari likiwa tupu nivumilie ugumu.

Fundi Miguu

Hoja yako ni ya kweli mkuu, na kwa gari ambalo kila siku limejaa, lenye tangi la maji la kudumu na friji na betri ya pili, ningekuunga mkono asilimia mia. Springi nzito, mfuko wa nini. Mwenzetu wa Engaruka anarudi tupu kila safari. Springi nzito kwenye gari tupu, kwenye vibonde vya Engaruka hadi Natron, haiumizi dereva peke yake. Inapasua miguu ya keria, inalegeza droo, inakata vishikio vya shokapu. Na mfuko ukitoboka, chini yake bado kuna springi ya chuma iliyochaguliwa kubeba kilo 200. Gari litakaa chini, utaendesha taratibu, utafika.

Mahali ambapo mfuko wa hewa siukubali kabisa ni kumfanya mtu aamini gari sasa linabeba zaidi. Si mfuko wala springi yoyote inayoongeza uwezo wa ekseli, breki, bearing na rimu. Kwenye gari kuna bamba la kiwandani lenye uzito wa mwisho. Jumla yako ni kilo 2,880, linganisha na bamba lako mwenyewe usisikilize la mtu. Angalia na ubavu wa tairi, kuna namba ya mzigo. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 114 ni 1,180, 123 ni 1,550. Nyuma kila tairi yako inabeba 860, kwa hiyo uko salama, lakini gari likiinama kwenye korongo tairi moja inabeba zaidi ya nusu.

Babu Difu

Fundi, nimekuelewa. Ila mbona hujagusa stelingi? Ya kwangu baada ya kunyanyua inatafutatafuta njia kwenye lami, ukipita lori unashika kwa nguvu.

Fundi Miguu

Hapo umegusa penyewe mzee wangu, na shikamoo.

Ekseli ya mbele ya 80 inashikwa na mikono miwili mirefu inayokwenda nyuma kwenye chesisi. Ukinyanyua gari, mikono inashuka, na ekseli nzima inajizungusha kidogo. Ile pembe inayofanya stelingi irudi katikati yenyewe, mafundi wa alaimenti wanaiita kasta, inapungua karibu digrii moja kwa kila inchi. Kiwandani 80 inatoka na kama digrii 3. Ukipanda inchi 2 unabaki na moja. Ukipanda 3 huna kitu, na ndivyo inavyotafuta njia.

Dawa kwa inchi 2 ni bushi maalumu zenye tundu lisilokuwa katikati, zinafungwa kwenye ile mikono, zinarudisha digrii zilizopotea. Zaidi ya inchi 2 hazitoshi, utahitaji bamba za kurekebisha au mikono mipya. Nunua za mpira kama unazipata. Zile za plastiki ngumu ya rangi zinadumu, lakini muundo huu wa mikono unataka bushi ijinyonge gari likipita kwenye makorongo. Ikiwa ngumu sana, ekseli inakakamaa na nguvu inahamia kwenye vishikio. Kumbuka pia ukirudisha kasta, pua ya difu ya mbele (nyumba ya gia katikati ya ekseli) inashuka, na jointi za propela ya mbele, shafti inayopeleka nguvu kwenye difu hiyo, zinapata pembe zaidi. Kwa inchi 2 kwa kawaida hakuna neno. Kwa 3 mtetemo unaanza. Hii ni sababu nyingine ya mimi kumzuia mkuu asiende inchi 3.

Kuna na fimbo ya pembeni, inayozuia ekseli isiende kushoto au kulia. Gari likipanda, fimbo inaivuta ekseli upande mmoja milimita kadhaa. Nyuma utaiona kwa macho, tairi moja imetoka nje kuliko mwenzake. Iko fimbo yenye nati ya kurefusha na kufupisha, funga hiyo angalau nyuma.

Na sasa kile ambacho karibu kila gereji inaruka, naomba mkisome mara mbili. 80 nyingi zina vali ya breki kwenye chesisi, juu ya ekseli ya nyuma, imeunganishwa kwa kijiti na ekseli hiyo. Kazi yake ni kupima mzigo. Nyuma ikishuka, vali inajua gari limejaa, inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Nyuma ikiwa juu, inapunguza breki ili magurudumu yasijifunge. Sasa wewe umenyanyua gari inchi 2. Vali inaamini gari ni tupu daima. Umepakia kilo 480, unashuka mteremko, na breki za nyuma zimepunguzwa. Mbele zinabeba kazi yote, zinachemka. Kijiti kile lazima kirekebishwe au kishikio chake kipandishwe kwa kiasi kilekile cha kunyanyua. Ukifika gereji na fundi hajui unazungumzia nini, ondoka na gari lako.

Mipira ya breki nayo: gari likiwa kwenye jeki, magurudumu yananing'inia mpaka mwisho, isiwe imevutika. Ikivutika nunua mirefu. Hali hiyohiyo ndiyo ya kupimia urefu wa shokapu. Ekseli ikishuka kabisa shokapu isiwe ndiyo kamba inayoishikilia, na ikipanda kabisa mpira wa kuzuia uguse kwanza kabla shokapu haijafika mwisho wake.

Mkazi wa Engaruka

Fundi Mungu akubariki. Basi nimeandika hivi: inchi 2, springi za nyuma za mzigo wa kati, mifuko ya hewa, shokapu nne za seti moja na springi, bushi za kasta, fimbo ya pembeni ya nyuma, na ile vali ya breki. Springi za mbele nichukue zipi? Sina bampa la chuma wala winchi.

Fundi Miguu

Mbele chukua nyepesi, za gari lisilo na bampa. Wengi wananunua nzito kwa sababu 1HZ ni injini ya chuma kizito, lakini uzito wa injini ulishahesabiwa kwenye springi ya kawaida ya dizeli. Mwambie muuzaji ni dizeli, si ile ya petroli. Baadhi ya seti za mbele zina springi ya kushoto na ya kulia, soma alama kabla hujafunga.

Kama hela haitoshi kwa mara moja, anza na nyuma: springi, shokapu, vali ya breki. Mbele ibaki ilivyo mpaka mwezi mwingine, kasta haitaguswa sana. Mifuko ya hewa inaweza kuja mwisho, ila mpaka ije punguza mzigo.

Dereva wa Seronera

Nyongeza ndogo kwa fundi atakayefunga. Bolti za bushi zote zisikazwe gari likiwa kwenye jeki. Zishikizwe tu, lishushwe likae kwa matairi yake, litikiswe, ndipo zikazwe. Bushi ya mpira ikikazwa ikiwa imening'inia, kila siku inakaa imejinyonga na inachanika ndani ya miezi michache. Kisha ukitoka safari ya kwanza rudi kwake akaze tena kila kitu, na pima zile pembe nne za fenda. Springi mpya zinatua kidogo. Alaimenti ifanywe baada ya hapo, si siku ya kufunga.

Mkazi wa Engaruka

Nimeipata. Nitaleta vipimo vya fenda vya kabla na baada, tupu na limepakiwa, ili atakayekuja na gari kama langu avikute hapa.